DNase I ya binadamu inakata plazmidi safi lakini inashindwa ndani ya seli zilizopasuliwa

Mwanamaabara ameuliza:

Salamu kwenu nyote mnaofanya kazi na vimeng'enya. Nimekwama kwa majuma kadhaa, na kwa kuwa nimeshajaribu kila mbinu niliyoijua, naona ni afadhali niwaeleze jambo lote tangu mwanzo ili watakaonisaidia wasilazimike kukisia.

Ninachunguza kama protini mbili za kiini cha seli hushikana zenyewe kwa zenyewe, au huonekana pamoja kwa sababu tu zote mbili zimekalia DNA ileile. Njia ninayoitumia ni ya kawaida: ninapasua seli za binadamu zilizokuzwa maabara, ninaivua protini ya kwanza kwa kingamwili iliyofungwa kwenye shanga za sumaku, kisha ninaangalia kama protini ya pili imekuja nayo. Imekuja kila mara. Msimamizi wangu, hata hivyo, ameniambia kwamba hatakubali matokeo hayo mpaka nimthibitishie kuwa DNA haipo katikati yao, na nikifikiri kwa uaminifu ninaona kuwa anayo haki.

Kwa hiyo nilitafuta kimeng'enya cha kuikata DNA kabla ya kuvua. Nilichagua DNase I ya binadamu iliyozalishwa kwa uhandisi wa jeni ndani ya seli za mamalia, na nilikuwa na sababu mbili. Kwanza, sitaki RNA iguswe, kwa maana swali langu linalofuata ni kama RNA ina mchango wowote katika kushikana huko, na nilishaonywa kwamba DNase inayotolewa kwenye kongosho la ng'ombe huweza kubeba mabaki ya ribonukleasi (kimeng'enya kinachokata RNA), ambayo kongosho hilo huitengeneza kwa wingi. Pili, seli zangu ni za binadamu, nikadhani kimeng'enya cha binadamu ndicho kitakachozifaa zaidi.

Tatizo ni hili. Nikiweka mikrogramu 1 ya plazmidi safi (DNA ndogo ya duara) katika bafa ya kimeng'enya, yaani mmumunyo wake wenye pH isiyoyumba, na kuiacha kwenye nyuzi 37 za Selsiasi kwa dakika 10, DNA yote inatoweka kwenye jeli ya agarozi, ambayo hutenganisha DNA kwa urefu, ndefu zikibaki juu. Nikiweka kiasi hichohicho cha kimeng'enya ndani ya kiowevu cha seli zilizopasuliwa kwa dakika 30, DNA inabaki juu kabisa ya jeli kana kwamba sikuweka kitu, na kiowevu kinaendelea kuvutika kama ute. Niliongeza kimeng'enya mara nne. Mabadiliko yalikuwa madogo mno.

Bafa yangu ya kupasulia seli ina Tris milimola 50 yenye pH 7.5, chumvi ya kawaida milimola 150, EDTA (kemikali inayonasa ayoni za madini) milimola 1, na asilimia 1 ya sabuni isiyo na chaji. Huwa ninaongeza kidonge cha kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini. Kabla ya kuweka DNase I ninaongeza magnesiamu milimola 2.5 na kalsiamu milimola 0.5, kama maelekezo yanavyotaka. Je, kimeng'enya changu kimeharibika, au kuna jambo ambalo silioni?

Ninalo pia swali dogo la nyongeza: nikitumia kimeng'enya hikihiki kuondoa DNA kwenye RNA kabla ya unukuzi wa kinyume (kunakili RNA kuwa DNA), nikizime kwa njia gani iliyo salama?

Mpima Bafa amejibu:

Ndugu Mwanamaabara, kimeng'enya chako hakijaharibika. Plazmidi yako imeshatoa ushahidi huo, tena plazmidi ni shahidi mkali kuliko watu wengi wanavyodhani. Mbele ya magnesiamu, DNase I hukata uzi mmoja mmoja wa DNA bila kuujali uzi wa pili, na mkato mmoja tu kwenye uzi mmoja unatosha kuilegeza plazmidi iliyojisokota, nayo ikaonekana mahali pengine kwenye jeli. DNA ndefu ya kromosomu haina dalili kama hiyo. Inaweza kupata mikato mingi ya upande mmoja na bado ikabaki ndefu machoni pako, mpaka mikato ya nyuzi mbili ikutane karibu karibu. Kwa sababu hiyo, kulinganisha plazmidi safi katika bafa bora na kromosomu nzima katika kiowevu cha seli ni kulinganisha vitu viwili vilivyotofautiana kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Kipimo cha haki ni kuichukua plazmidi ileile, kuiweka ndani ya kiowevu cha seli, kisha kuongeza kimeng'enya. Plazmidi ikipona humo, utajua kuwa kinachozuia kiko kwenye kiowevu chenyewe, wala si ugumu wa kromatini, yaani DNA ya seli ikiwa imefungamana na protini zake.

Sasa tutazame hesabu ya madini, kwa kuwa hapo ninaona kosa la kwanza. Kila molekuli ya EDTA hushika ayoni moja, ama ya kalsiamu ama ya magnesiamu, lakini kalsiamu huishika kwa nguvu takriban mara 100 kuliko magnesiamu. Bafa yako ina EDTA milimola 1, na vidonge vingi vya kuzuia vimeng'enya vinavyokula protini huongeza takriban milimola 1 nyingine, isipokuwa vile vilivyoandikwa wazi kwamba havina EDTA. Tuchukue basi kwamba una milimola 2. Kalsiamu yako yote ya milimola 0.5 inamezwa kwanza. EDTA iliyobaki, milimola 1.5, inageukia magnesiamu na kukuachia milimola 1 tu kati ya 2.5 ulizoweka. Umebaki na magnesiamu pungufu na, kwa kweli, bila kalsiamu kabisa.

Kukosa kalsiamu si jambo dogo kwa kimeng'enya hiki. Magnesiamu hushiriki katika tendo lenyewe la kukata, ilhali kalsiamu hulishikilia umbo la protini. Bila kalsiamu, DNase I hulegea, hupoteza nguvu, na huwa windo rahisi la vimeng'enya vinavyokula protini, ambavyo seli iliyopasuliwa imejaa. Kwa hiyo unakizuia kukata na wakati uleule unakiacha bila kinga. Ondoa EDTA kwenye bafa, tumia vidonge visivyo na EDTA, na usithubutu kuweka EGTA, kemikali ndugu yake, mahali pake, kwa sababu hiyo huichagua kalsiamu kuliko magnesiamu hata zaidi.

Kosa la pili ni chumvi. Protini hii hujishikiza kwenye migongo ya fosfati ya DNA, yenye chaji hasi, na chumvi inapoongezeka hukaa katikati ya chaji hizo na kulegeza mshiko. DNase I ya binadamu hupungua nguvu dhahiri kadiri sodiamu inavyopanda, na milimola 150 ni nyingi ukilinganisha na bafa yake yenyewe, ambayo kwa kawaida ina Tris milimola 10, magnesiamu milimola 2.5 na kalsiamu milimola 0.5, bila sodiamu yoyote ya kutajwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa kampuni ya Genentech walitengeneza aina za kimeng'enya hiki zilizoongezewa asidi amino zenye chaji chanya mahali panapogusa DNA, na aina hizo zilistahimili chumvi vizuri zaidi. Mimi ninalihesabu jambo hilo kuwa ushahidi mzuri kwamba ni mshiko unaolegea. Uwezo wa kukata wenyewe haujafa.

Rekebisha mambo hayo mawili kwanza, kila moja katika mirija yake, kisha uturudie.

Fundi wa Protini ameandika:

Nakubaliana na Mpima Bafa katika yote aliyosema, na hesabu yake ya EDTA kila mwanafunzi angepaswa kuifanya kabla ya kugusa kimeng'enya chochote kinachotegemea madini. Hata hivyo ninadhani kwamba baada ya kurekebisha madini na chumvi, Mwanamaabara ataona nafuu tu, na tatizo lenyewe litabaki. Sababu ni aktini.

Ni jambo la zamani ambalo kila kizazi cha maabara hulisahau na kulivumbua upya. Kwa miaka mingi ilijulikana kwamba seli zina protini fulani inayoizuia DNase I, lakini haikujulikana ni protini gani. Mwaka 1974 Elias Lazarides na Uno Lindberg walionyesha kwamba kizuizi hicho ni aktini, protini ileile inayojenga mifupa ya seli na nyuzi za misuli. Aktini inapokuwa molekuli moja moja, kabla ya kujiunga na nyingine kuwa uzi mrefu, huikumbatia DNase I kwa uwiano wa moja kwa moja na kuifunga isiweze kufanya kazi. Mshiko huo ni mkali sana. Ni mkali kiasi kwamba Wolfgang Kabsch na wenzake walipotangaza umbo la aktini kwa kiwango cha atomu mwaka 1990, kile walichokuwa wamekigandisha kuwa fuwele kilikuwa aktini iliyoshikwa na DNase I, kwa sababu kimeng'enya hicho kiliizuia aktini isijiunge kuwa nyuzi. Yaani umbo la kwanza la aktini tulilolifahamu kwa undani ni umbo la mshiko huuhuu unaokusumbua wewe leo.

Tufanye hesabu ya kukisia, maana hapa idadi ndiyo inayoamua. Chukulia kiowevu chako kina protini miligramu 5 kwa kila mililita, kiasi cha kawaida. Katika seli nyingi zisizo za misuli, aktini ni asilimia kadhaa ya protini yote, tuseme 5. Hiyo ni miligramu 0.25 kwa mililita, na kwa kuwa uzito wa aktini ni takriban kilodaltoni 42, tunapata karibu mikromola 6. Tukichukua kwamba nusu yake haijajiunga kuwa nyuzi, una mikromola 3 za kizuizi. Ukiweka DNase I mikrogramu 10 kwa mililita, nayo ikiwa na sukari zake ina uzito wa takriban kilodaltoni 37, umeweka chini ya mikromola 0.3. Kwa kila molekuli moja ya kimeng'enya kuna molekuli kumi za aktini zinazoisubiri. Uliongeza kimeng'enya mara nne: bado aktini ilikuwa zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mabadiliko yalikuwa madogo mno, na ndiyo maana kuendelea kumimina kimeng'enya ni kupoteza mali.

Ninasikitika kukwambia pia kwamba ile sababu yako ya pili ya kukichagua haikukusaidia. Kimeng'enya cha binadamu hakipati nafuu yoyote katika seli za binadamu, na cha ng'ombe nacho hukamatwa na aktini vilevile. Kwa asili DNase I hutolewa nje ya seli, kwenye mate, matumboni na kwenye damu, ambako aktini huru ni kidogo mno. Kuirudisha ndani ya seli iliyopasuka ni kuipeleka mahali ambapo kazi yake haikukusudiwa. Sisemi kwamba aktini iliumbwa ili kuizuia DNase I, kwa maana jambo hilo linaweza kuwa sadfa ya maumbo mawili kulingana. Ninachosema ni kwamba kwa kazi yako matokeo ni yaleyale.

Historia ya kimeng'enya chenyewe inalithibitisha jambo hili. Mwaka 1990 Steven Shak na wenzake huko Genentech walitangaza kwamba wamepata jeni la DNase I ya binadamu na kuizalisha protini yake katika seli za mamalia, wakionyesha kwamba inapunguza unato wa makohozi ya wagonjwa wa saistiki faibrosisi (ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu), makohozi ambayo hunata kwa sababu ya DNA iliyomwagwa na seli nyeupe za damu zilizokufa. Desemba 1993 ikaidhinishwa nchini Marekani kuwa dawa ya kuvutwa kwa pumzi, kwa jina la dornase alfa. Lakini seli nyeupe zinapokufa hazimwagi DNA pekee; humwaga na aktini, hivyo kizuizi kinakuwapo kwenye makohozi yaleyale yanayotakiwa kulegezwa. Ndipo mwaka 1996 kundi hilohilo likaeleza aina zilizobadilishwa asidi amino katika sehemu inayogusana na aktini, miongoni mwazo ile ambayo alanini ya nafasi ya 114 imegeuzwa kuwa fenilalanini, nazo zikaendelea kukata DNA mbele ya aktini. Mabadiliko ya asidi amino moja tu! Mimi jambo hilo hunifurahisha kila ninapolifikiria: tovuti ya kukatia na tovuti ya kukamatwa ziko mbalimbali kiasi kwamba unaweza kuiharibu moja bila kuigusa nyingine.

Kabla ya kununua chochote, lakini, thibitisha kwamba ni aktini kweli. Fanya majaribio mawili. La kwanza, chukua plazmidi safi katika bafa bora ya kimeng'enya na uongeze aktini safi ya molekuli moja moja kwa viwango vinavyopanda. Shughuli ya kukata inapaswa kuzimika aktini inapokaribia idadi ya kimeng'enya. La pili, punguza kiowevu cha seli mara kumi kwa bafa yake yenyewe, isiyo na EDTA, huku kiasi cha kimeng'enya kwa mililita ukikiacha vilevile. Chumvi haibadiliki, madini hayabadiliki, ila aktini inapungua mara kumi. Plazmidi ikianza kukatika humo, umempata mkosaji.

Mkulima wa RNA ameandika:

Mimi nitajibu lile swali dogo tu, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku.

Katika RNA iliyokwisha kusafishwa aktini haipo tena, hivyo DNase I itafanya kazi vizuri katika bafa yake. Hatari iko kwenye kuizima. Wengi huipasha joto la nyuzi 75 kwa dakika 10 wakasahau kwamba RNA, ikipashwa joto mbele ya magnesiamu, hukatika yenyewe bila kimeng'enya chochote. Weka EDTA kwanza, kiasi cha mwisho kiwe milimola 5, ndipo upashe joto. Magnesiamu milimola 2.5 pamoja na kalsiamu milimola 0.5 ni milimola 3, kwa hiyo utabaki na EDTA huru milimola 2, na hiyo utaibeba hadi kwenye unukuzi wa kinyume. Ukichukua mikrolita 8 za RNA hiyo na kuziweka katika ujazo wa mikrolita 20, utakuwa umeingiza EDTA huru milimola 0.8, nayo itapunguza magnesiamu ya hatua hiyo kwa kiasi hichohicho. Kama bafa ya unukuzi ina magnesiamu milimola 3, utabaki na 2.2. Mara nyingi inatosha, lakini ni vizuri ujue imekwenda wapi, na ukiona mavuno yamepungua uongeze ulichokipoteza.

Usiache kuweka mirija ya udhibiti isiyo na kimeng'enya cha unukuzi. Hiyo pekee ndiyo itakayokuonyesha DNA iliyobaki: ikichelewa kwa mizunguko 7 ya PCR (kuzidisha DNA, mara mbili kila mzunguko) nyuma ya sampuli kamili, mchango wa DNA hauzidi asilimia 1. Na tafadhali usikitikise kimeng'enya hiki kwa mashine ya kutikisia mirija, kwa kuwa umbo lake huvunjika kwa msukosuko. Kipindue polepole kwa mkono.

Mwanamaabara amerudi:

Ninawashukuru sana nyote watatu. Nimefanya majaribio kwa mpangilio mliouelekeza na ninayaleta jinsi yalivyo.

Plazmidi niliyoiweka ndani ya kiowevu cha zamani, chenye EDTA, haikuguswa hata kidogo. Ilibaki imejisokota vilevile, na mimi nilikuwa ninaulaumu ugumu wa kromatini siku zote hizo. Nilipoondoa EDTA kwenye bafa na kutumia vidonge visivyo nayo, sehemu ya plazmidi ililegea, ishara kwamba mikato ya upande mmoja ilianza kupatikana, lakini nyingi ilibaki nzima. Nilipopunguza chumvi hadi milimola 50 nikaona nafuu kidogo zaidi. Hapo niliposimama ndipo Fundi wa Protini alipotabiri kwamba nitasimama.

Kisha nikafanya yale majaribio mawili ya aktini. Katika bafa bora, aktini safi iliizima DNase I kabisa mara tu ilipozidi idadi yake. Katika kiowevu kilichopunguzwa mara kumi, plazmidi ilitoweka yote. Sina shaka tena.

Sasa nimebaki na uamuzi. Kupunguza kiowevu mara kumi kunanipa shida, kwa kuwa protini yangu ya pili ni haba na mshiko ninaouchunguza huenda ukaachia ukipunguzwa kiasi hicho. Mwenzangu mmoja amenishauri nitumie kimeng'enya cha bakteria *Serratia marcescens*, ambacho watu wengi hukitumia kuondoa unato. Je, nikifuate?

Fundi wa Protini amejibu:

Umeifanya kazi kwa mpangilio safi, na mpangilio wa namna hiyo ndio utakaomtosheleza msimamizi wako.

Kimeng'enya cha *Serratia* hakikamatwi na aktini, ni chenye nguvu sana, na kama lengo lako lingekuwa kuondoa unato tu ningekwambia ukitumie leo. Lakini hukata RNA kama kinavyokata DNA. Ukikitumia na protini zako zikaachana, hutajua kama ilikuwa DNA au RNA iliyokuwa inaziunganisha, na swali lako la pili litakuwa limezikwa kabla hujaliuliza. Unaweza kukitumia kama kipimo cha upande: protini zikibaki pamoja hata baada ya asidi nukleiki zote kwisha, umepata jibu la maswali yote mawili kwa siku moja. Usikitumie kama kipimo pekee.

Kwa swali la DNA peke yake ninakushauri ubadilishe mahali pa kukatia, kimeng'enya kibaki kilekile. Vua kwanza, ukate baadaye. Ivue protini yako ya kwanza kutoka kwenye kiowevu kizito, katika chumvi yako ya milimola 150, pamoja na chochote inachokishika, ikiwemo DNA. Osha shanga vizuri: sehemu kubwa mno ya aktini itaondoka na maji ya kuoshea, na EDTA yoyote iliyobaki pia. Osha mara ya mwisho kwa bafa ya DNase I yenyewe, kisha uziache shanga ndani ya bafa hiyo na kimeng'enya, ukizipindua taratibu. Hapo utakuwa umekirudisha kimeng'enya katika mazingira yaleyale ambamo kiliimaliza plazmidi yako kwa dakika 10. Nyuzi 37 zikikutia wasiwasi juu ya protini zako, jaribu nyuzi 25 kwa muda mrefu zaidi, ukiwa umeshapima kwa plazmidi kwamba muda huo unatosha.

Kuna mambo matatu ya kuyaangalia, na usiruke hata moja. Gawanya shanga katika mafungu mawili baada ya kuosha, fungu moja lipate kimeng'enya na jingine lipate bafa tupu kwa muda uleule na joto lilelile, kwa sababu chumvi kidogo peke yake inaweza kuimarisha mishiko isiyo ya kweli au kuilegeza ya kweli, na bila fungu la pili utamsingizia kimeng'enya kazi ya chumvi. Chukua pia maji ya juu ya kila fungu na uyapime kwa kingamwili: kama protini ya pili ilikuwa imekalia DNA tu, utaikuta imeangukia humo, na kuiona ilikoenda ni ushahidi mzito kuliko kuona imetoweka. Mwisho, chukua sehemu ya shanga zilizokatwa, uzitibu kwa proteinasi K, kimeng'enya kinachokula protini, uitoe DNA iliyobaki na uipime. Bila kipimo hicho, protini zikibaki pamoja hutaweza kumwambia msimamizi wako kwamba DNA haikuwapo. Utakuwa unaweza kumwambia tu kwamba uliweka kimeng'enya.

Shanga zenyewe wakati mwingine hushika aktini kidogo, kwa hiyo weka plazmidi chache kwenye mrija mmoja wa shanga kama mlinzi. Ikikatika, kimeng'enya kilikuwa huru.

Na ukitaka njia ya pili isiyotegemea kimeng'enya chochote, mwaka 1992 Lai na Herr walionyesha kwamba ethidiamu bromidi, rangi inayojipenyeza ndani ya DNA, ikiwekwa wakati wa kuvua, huipotosha DNA kiasi cha kuziachisha protini zilizounganishwa nayo tu, huku zile zinazoshikana zenyewe zikibaki pamoja. Njia hiyo haijali aktini wala EDTA. Vaa glovu tu, na taka zake uzitenge.

Mwanamaabara ameandika:

Nitaanza na kukata kwenye shanga, kwa mafungu mawili na plazmidi ya ulinzi, na sampuli moja ya ethidiamu bromidi kando. Sikuwa nimewaza kabisa kuyapima maji ya juu. Siku zote nimekuwa nikiyamwaga. Shanga zitaoshwa kesho asubuhi.